Muulize Sista: "Nilimpelekea habari ya ukweli, akaacha dawa"

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu meseji ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nimechagua tano, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, kwamba nimepata habari ya mapafu au ya usingizi au ya ubongo, nimwambie mgonjwa wangu au ninyamaze. Kwa mgeni wa safu hii, mimi ni muuguzi mstaafu, nimekaa wodini na kliniki ya kifua miaka mingi tu, sasa hivi niko kwangu hapa Kikuyu Dodoma nafuga kuku na kujibu barua zenu. Sio daktari, na gazeti halimpimi mtu, tuelewane hapo kwanza.

Sista shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Bahi. Natembelea wagonjwa majumbani, wa TB, wa pumu, wa presha, na wawili wamepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Nikiona habari mpya ya afya kwenye simu huwa nawapelekea maana wengi hawana simu ya kuperuzi. Sasa kuna mama wa pumu nilimsomea kwamba ile inhela ya bluu ukiitegemea yenyewe tu ni hatari, akaitikia vizuri kabisa, wiki iliyofuata namkuta anahema kama katoka kukimbizwa na fisi, kumbe inhela kaifunga kwenye kitambaa kaiweka juu ya kabati, namuuliza ananiambia "si wewe ulisema ni hatari?" Nilitetemeka. Niache kupeleka habari?
— Mhudumu, Bahi

Marahaba mwanangu. Usiache. Ila ngoja nikupe stori yangu kwanza ndio utajua kwamba hauko peke yako.

Kipindi niko kliniki ya kifua, sitaji wapi, alikuja baba mmoja mfugaji, TB, tumemuanzishia dawa vizuri. Wiki ya tatu akaniuliza kwa aibu kama anaweza kurudi kulala chumba kimoja na mkewe na mtoto mdogo, nikamjibu kwa furaha kabisa kwamba ndio, dawa ukizinywa vizuri wiki mbili kwa kawaida unakuwa huambukizi tena. Na ni kweli, TB ya kawaida inayosikia dawa iko hivyo. Yule baba akanishukuru, akaondoka, kliniki iliyofuata hakuonekana, tukamtafuta hatukumpata, kahama na ng'ombe. Alipokuja kurudi alikuwa mifupa mitupu, anakohoa damu, na mkononi ana kopo la Blue Band. Akalifungua mbele yangu, ndani vidonge vyote viko pale, amevipanga kwa karatasi zake safi utadhani dukani, akaniambia "sista ulisema siambukizi, nikajua nimepona, hizi nimemtunzia mtoto siku akiugua."

Sikumgombeza, ningeanzia wapi? Nilichosema mimi ni kweli na alichosikia yeye ni kingine, na kosa la hapo katikati lilikuwa langu, maana sikumuuliza ameelewa nini, nilimuuliza tu "umeelewa baba?" akasema ndio. Jamani hilo swali, mgonjwa gani wa kwetu atamjibu muuguzi hapana? Kwa bahati vimelea vyake havikuwa sugu, akaanza upya miezi sita akamaliza. Toka siku ile nikabadilisha swali. Nikishamaliza kueleza nasema hivi: "sasa baba, ukifika nyumbani mama akikuuliza wamesemaje huko, utamjibuje?" Halafu nanyamaza. Usimsaidie, usimalizie sentensi yake, kaa kimya hata kama kimya kinauma. Hapo ndipo utasikia kilichoingia. Yule baba ningemuuliza hivyo angenijibu "nitamwambia nimepona" na ningemdaka palepale mlangoni.

Sasa tuje kwa mama yako wa Bahi. Habari uliyomsomea ni ya kweli. Toka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wanaouita GINA, umeacha kushauri watu wazima na vijana watibiwe kwa inhela ya bluu peke yake, kwa sababu ile ya bluu inafungua njia za hewa kwa muda tu, uvimbe ulioko ndani haiugusi, mtu anapata nafuu anaona mambo safi huku kifua kinaendelea kuvimba taratibu, siku kikibana kweli bluu haitoshi. Anahitaji na ile nyingine yenye dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo anavuta hata siku anayojisikia mzima. Ila hiyo sentensi iliandikwa kwa mtu anayeandika dawa. Mama yeye alitakiwa asikie kitu cha kufanya, tena kianze hicho: "mama, inhela yako ikae karibu, ukibanwa vuta, na wiki hii twende wote kituoni ukaulizie ya pili." Hatari inakuja baadaye, na isipokuja kabisa hajapungukiwa kitu. Kwa sasa nenda kaishushe hiyo inhela kabatini, leo, usingoje wiki ijayo.

Na ukishaishusha mwambie akuonyeshe anavyoivuta, maana nimeona watu wamevuta miaka mitatu dawa yote inaishia kwenye ulimi. Itikiswe, atoe pumzi nje, abonyeze mara moja huku anavuta taratibu, afunge mdomo ahesabu mpaka kumi. Kama mkono na pumzi haviendi pamoja kuna ufundi wa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, unatoboa kitako chake tundu la saizi ya mdomo wa inhela, unachomeka, unaziba pembeni kwa selotepu, anavutia kwenye mdomo wa chupa. Usicheke, madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu wakachapisha kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1999, chupa ilifanya kazi vizuri tu sambamba na kile kifaa cha dukani. Sasa hiyo ndio habari ya kumpelekea mgonjwa, anaishika mkononi.

Kingine, habari moja kwa siku moja. Wewe ukiwa na tano kwenye simu usimwagie zote, wapooza wako wawili kwa mfano hawahitaji utafiti wowote wa ubongo wiki hii, familia zao zinahitaji kujua kwamba mdomo ukienda upande, mkono ukishindwa kubaki juu au maneno yakiburuzika, ile sio upepo mbaya wala mtu hajatupiwa kitu, ni kiharusi, na kitu cha kwanza ni kuangalia saa. Ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa manne na nusu toka dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa kuhakikisha sio mshipa uliopasuka, kwa hiyo daktari atauliza "ilianza saa ngapi?" na jibu la "toka asubuhi asubuhi hivi" linamfunga mikono. Umwambie na hili, asipewe kitu mdomoni, hata maji, anaweza kupaliwa.

Na cha fulani usikipeleke kwa fulani. Bahi ni ndogo hiyo.

Mambo sista. Mimi ni mlinzi wa usiku huku Mtumba, mwaka wa nne sasa. Nimesoma kwamba ukilala usiku ubongo unaoshwa uchafu, usipolala uchafu unaganda unakuja kupata ugonjwa wa kusahau. Mimi nimeshaanza kusahau funguo. Niache kazi?
— Mlinzi, Dodoma

Poa mdogo wangu. Usiache kazi kwa sababu ya panya.

Nakueleza. Hiyo habari ilianzia 2013, watafiti wa chuo kikuu cha Rochester kule Marekani, timu ya Maiken Nedergaard, walichapisha kwenye jarida la Science kwamba panya akilala nafasi kati ya seli za ubongo zinapanuka, majimaji yanapita kwa wingi na kubeba taka. Ilisisimua dunia nzima, na ndio hiyo unayoikuta kila wiki mtu kaiweka picha ya ubongo unaofuliwa kwa povu. Halafu mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London wakapima panya nao, kwa njia nyingine, wakapata kinyume chake, yaani panya akilala usafi ulipungua. Kwa hiyo wenyewe bado wanavutana, na umeona, hapo sijataja mlinzi hata mmoja. Mtu akikuletea habari ya afya muulize kitu kimoja tu, walimpima nani? Akijibu panya, mwambie asante, kunywa chai yako.

Wasichovutana ni kwamba mtu mzima anahitaji masaa saba hivi na kuendelea. Sasa niambie ukweli wewe unalala mangapi? Maana nawajua walinzi, unatoka lindo saa moja asubuhi, unapitia kijiweni, unafika nyumbani saa tatu, bati limeshaanza kuchemka, jirani kafungulia redio, watoto wanakuja "baba hela ya daftari", unalala masaa manne ya kuunga unga. Hapo kusahau funguo wala sio ugonjwa, ungenishangaza usiposahau.

Fanya hivi: toka lindo nenda nyumbani moja kwa moja, vaa miwani ya jua njiani na kofia, maana mwanga wa asubuhi wa Dodoma unauambia mwili kumekucha. Kahawa ya mwisho saa nane usiku, isizidi hapo. Dirisha la chumbani weka pazia zito au hata blanketi, simu iende kwa mkeo, na familia ikubaliane kwamba toka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa baba hayupo. Miezi ya joto, Oktoba na Novemba, godoro lishuke chini sakafuni kuna ubaridi kidogo.

Na kama ugonjwa wa kusahau ndio unakutisha, jopo la The Lancet la mwaka 2024 lilitaja vihatarishi 14 ambavyo vikishughulikiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepuka au kuchelewesha ugonjwa. Lindo la usiku halimo. Presha imo, kisukari kimo, sigara imo, kutokusikia vizuri kumo, hata hewa chafu imo. Pima presha mwezi huu, ni dakika mbili.

Shikamoo mama. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi nyumbani akilala anakoroma ukuta unatingishika, alafu ghafla ananyamaza kabisa, mimi nahesabu mpaka kumi na tano, ndio anashtuka kama mtu aliyekabwa. Mchana anasinzia hata kwenye kochi akiongea na wageni. Ndugu zake wanasema ni afya, mwili umejaa. Shoga yangu kasoma kuna sindano Marekani ya ugonjwa huu. Naipataje?
— Mke wa dereva, Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Umehesabu. Hilo tu limenifurahisha, maana wengi wanaziba masikio kwa mto.

Akikoroma vile njia ya hewa kooni imekuwa nyembamba, akinyamaza imefunga, hewa haipiti kabisa, ubongo unaona hali mbaya unamshtua aamke nusu, anavuta, analala, inafunga tena, inaweza kuwa mara nyingi sana kwa saa moja na asubuhi hakumbuki hata moja. Kwa hiyo usiku mzima mtu yuko kitandani lakini hajalala. Ndio maana anasinzia mbele ya wageni, na mwenye hali hii mara nyingi presha inapanda, wengine haishuki hata kwa dawa.

Sindano ipo, shoga yako hajadanganya. Tarehe 20 Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa inaitwa tirzepatide kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza na wenye tatizo hili la kiwango cha kati au kikali, pamoja na kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Inasaidia kwa kupunguza mwili. Ila wewe unauliza sindano na mume bado hajakubali kwamba anaumwa, unaona umeruka hatua ngapi? Na sindano usinunue mtandaoni kwa mtu, naomba, hujui ndani kuna nini.

Kabla ya sindano, akilala rekodi kwa simu dakika tano, ioneshe na kifua, kinavyojitahidi huku hewa haitoki. Usiwaonyeshe shemeji zako, usiipeleke kwenye grupu la ukoo, muonyeshe yeye mwenyewe mkiwa wawili, na usiseme kitu, mwache ahesabu. Mwanaume wa barabara ukimwambia "unaumwa" anabisha, ukimwambia "hesabu" atahesabu. Halafu klipu hiyohiyo muende nayo hospitali kubwa, muulizie daktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya ndani. Kuna mashine ya kupuliza hewa kupitia barakoa puani usiku, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, na mpaka leo ndio tiba kuu kwa waliozidiwa. Bei yake sio ya kucheka. Wakati mnajipanga alale ubavu, bia za usiku aache, dawa za usingizi asiguse.

Na mwambie hili kwa sauti ya mke sio ya sista: akisinzia asishushe mlima Sekenke. Asimamishe gari, alale nusu saa, mzigo utafika.

Habari sista. Mwanafunzi wangu wa darasa la tano alianguka kifafa darasani wenzake wakakimbia wote wakisema povu linaambukiza, mzee mmoja akaja na kijiko kumpanua meno. Pia wazazi wanasambaza kwamba kitimoto ndio inaleta kifafa. Ukweli ni upi?
— Mwalimu, Kongwa

Salama mwalimu. Povu ni mate tu, haliambukizi. Kijiko kirudi jikoni, kinavunja meno. Mlaze ubavu, sogeza madawati, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa, ikipita dakika tano hajaacha au akirudia bila kuzinduka tafuta usafiri.

Kitimoto hapo ndio pana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inasafiri haraka kuliko basi la Kimotco. Nyama ya nguruwe yenye vijifuko vya minyoo ukiila haijaiva unapata tegu tumboni, haiendi kichwani. Kinachokwenda kichwani ni mayai ya huyo tegu, yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yanaingia mdomoni kwa mikono isiyonawa, maji au mboga, alafu mwilini yanageuka vijifuko vinavyokaa kwenye ubongo na kuleta degedege. Maana yake hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata, kama jirani ana tegu na hana choo. Kwa hiyo nyama iive mpaka ndani, nguruwe wafungwe, choo kitumike, mikono inawe. Na sio kila kifafa kinatokana na hilo, wengine ni kuumia kichwa, wengine shida wakati wa kuzaliwa, wengine sababu haionekani. Mtoto apelekwe kliniki, dawa zinawatuliza wengi, na akianza asiziache ghafla. Darasa lako liambie ukweli kesho asubuhi yeye akiwepo kama atakubali, kisha muulize mmoja wa waliokimbia: siku nyingine mwenzako akianguka, utafanya nini? Umsikilize mpaka mwisho.

Sista, napasua kokoto mwaka wa sita. Nakohoa mwezi sasa. Washkaji wanasema vumbi la Dodoma linaleta TB, wengine wanasema nijifukize.
— Kijana, Dodoma

Vumbi halileti TB, TB inatoka kwa mtu mwenye TB. Ila vumbi la mawe lina silika, yaani madini ya ndani ya mawe yenyewe, linachana mapafu taratibu, na mapafu yaliyochanika hivyo TB inayaingia kirahisi, kwa hiyo washkaji wamekosea wakapatia. Kujifukiza tulijifukiza sana 2020, mvuke hautoi silika, na sufuria la moto nimeona lilivyowababua watu miguu.

Kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kupimwa makohozi, wewe una mwezi. Kipimo ni bure na dawa za TB ni bure. Uombe na picha ya kifua. Kazini mwagieni mawe maji kabla ya kupasua, na hicho kitambaa unachofunga puani hakizuii yale madogo yanayoingia ndani kabisa. Ukifika kwa daktari usiishie kusema nakohoa, sema napasua kokoto mwaka wa sita, na asipoliandika mwambie tena.